Mbwa Aliyemuuma Odile

Siku Odile Wachowiak alipokwenda kwenye makao ya mbwa waliotelekezwa, hakwenda kwa huruma. Alikuwa anataka mbwa wa kung'ata watu. Wezi walikuwa wameingia mara mbili katika kibanda cha kufulia nyuma ya nyumba, wakang'oa mabomba ya shaba na kuyaacha maji yakibubujika hadi jikoni. Mara ya pili walimkanyagakanyaga sungura wake mmoja hadi akafa, bila sababu, kwa kuwa tu alikuwa pale. Odile alimkuta asubuhi amelala bapa kama soksi. Alimchuna, akampika kwa bia, na alipokuwa anamla aliapa kwamba atakayeingia tena kwenye kibanda kile atatoka bila kisigino.

Alikuwa mjane mpana wa miaka hamsini na kitu, mwenye mikono myekundu. Ujana wake wote ulikwisha katika kiwanda cha kuchinja kuku nje ya mji wa Lens, kaskazini mwa Ufaransa, mahali ambapo kuku hupita mbele yako wakining'inia kwa miguu na wewe huna hata nafasi ya kupenga kamasi. Baba yake, mchimba makaa aliyezaliwa na Wapolandi, alifuga majogoo wa kupigana, na tangu akiwa mtoto Odile ndiye aliyeosha damu kwenye mbawa zao kila Jumapili. Damu haikumtisha. Makelele hayakumtisha. Kitu kilichomtisha ni kulala nyumbani peke yake akisikiliza.

Makao yale yapo nyuma ya barabara kuu, chini ya kilima cheusi cha mabaki ya mgodi. Msichana aliyempokea aliitwa Maïté, sweta lake limejaa manyoya ya kila rangi. Alimpitisha kwenye vizimba, na mbwa wakubwa wakajirusha kwenye nyavu wakibweka mpaka mate yakaruka.

"Huyu je?" Odile akauliza.

"Huyo ana watu wanakuja kumchukua Jumamosi."

"Na yule?"

"Yule hapendi wanawake, Bi Odile."

Mwisho wa ujia palikuwa na chumba cha peke yake, mlango wa vyuma, na karatasi iliyoandikwa MSIGUSE. Odile akachungulia. Kwenye kona palikuwa na kitu kisicho na nywele hata moja. Ngozi yake ilikuwa ya kijivu, nene, imekunjamana, imepasuka kwenye viwiko na kutoa usaha. Masikio yalikuwa yameota magamba kama ganda la mkate ulioungua. Macho yalikuwa mistari miwili tu. Harufu iliyotoka mle ilikuwa ya unga uliochacha.

"Hicho nini?"

"Ni jike," Maïté akasema. "Ana upele, ule wa wadudu wanaochimba ndani ya ngozi. Polisi walimtoa kwenye yadi ya vyuma chakavu, alikuwa amefungwa mnyororo chini ya lori. Tafadhali usi..."

Odile alikwisha kupitisha mkono katikati ya vyuma.

Mbwa alimuuma. Hakuuma na kuachia kama mbwa aliyeshtuka. Aliuma akashikilia, meno yakakutana ndani ya nyama, pale kati ya kidole gumba na cha shahada. Maïté akapiga ukelele na kukimbilia mpira wa maji. Odile hakuvuta mkono, kwa sababu anayevuta ndiye anayechanika. Alipeleka mkono wa pili taratibu, akaibana pua ya mbwa, akangoja. Mbwa alipokosa pumzi akafungua mdomo. Damu ikachuruzika hadi kwenye kiwiko.

"Mungu wangu, Bi Odile, nisamehe, nisamehe sana, twende tukaoshe..."

"Huyu ndiye."

"Huyu ndiye nini?"

"Ninayemchukua."

"Siwezi kukupa mbwa aliyekuuma sasa hivi!"

"Hao wengine wamebweka tu," Odile akasema. "Kubweka hata mimi naweza."

Haikuwa siku hiyo, bila shaka. Kwanza mkono wake ulishonwa, na mbwa akawekwa chini ya uangalizi. Lakini kule kwenye chumba cha peke yake mbwa yule alikataa kula, akaanza kuutafuna mkia wake mwenyewe hadi mfupa ukaonekana. Mwishowe Maïté akampigia Odile simu na kumwambia kama bado hajabadili mawazo aje na gari, maana hapa atakufa.

Odile alipewa vidonge vya kumficha ndani ya chakula, dawa ya kumwoshea yenye harufu ya kiberiti, na maagizo: blanketi anazolalia zichemshwe kila siku, mikono ivalishwe glavu. Blanketi alizichemsha kwenye sufuria kubwa ya kufulia. Glavu hakuzivaa, akisema haoni sababu ya kumshika mtu kama anashika choo. Muda si muda naye akawa anajikuna katikati ya vidole, kiunoni, chini ya matiti. Daktari alimpa dawa ya kupaka huku akijizuia kucheka.

"Odile," Fernand akaita siku moja kutoka upande wake wa ukuta. Fernand alikuwa jirani yake, mzee mfuga njiwa. Nyumba zao zilishikana kama nyumba zote za mtaa wa wachimba makaa. "Odile, ulikwenda kuchukua mbwa, mbona umerudi na nguruwe aliyeungua?"

"Angalia njiwa wako, mzee."

"Njiwa wangu angalau wana manyoya."

"Na wewe je? Mara ya mwisho kuwa na nywele kichwani ilikuwa lini?"

Fernand akacheka hadi akakohoa. Kesho yake akamletea mfupa wa ng'ombe, akaupitisha juu ya ukuta kwa koleo, mkono wake hakuuleta karibu.

Odile alimwita mbwa yule Gaillette, jina ambalo baba yake alikuwa akiliita bonge la makaa ya mawe. Kwa wiki nyingi Gaillette aliishi chini ya meza ya jikoni na kunguruma. Ukipita, ananguruma. Ukimwekea chakula, ananguruma. Odile alimwosha akinguruma, na mara mbili nyingine aliumwa, lakini kidogo, kama ukumbusho. Halafu magamba yakaanza kudondoka. Ngozi ikawa laini, ya waridi, kisha nywele zikatokeza, nyeusi kama masizi. Siku moja Odile alipokuwa anakata soseji, mbwa alitoka chini ya meza, akaja, akachukua kipande mkononi mwake kwa ncha ya midomo. Odile alikata soseji yote ikaisha.

Kama mlinzi, mbwa yule alikuwa bure kabisa. Aliogopa mlango, aliogopa ufagio, aliogopa maji ya choo yakivutwa. Odile alimlalamikia kwa kila mtu. "Nimechukua mbwa wa kunilinda, sasa mimi ndiye namlinda yeye na mwiko!" Alisema hivyo na uso umemkunjuka, na watu wakamwona kuwa amepungua ukali.

Basi ikafika Jumapili moja, akaenda kwenye mapigano ya majogoo kama kawaida yake. Ukumbi ule uko nyuma ya baa: ulingo katikati, ngazi za mbao pande zote, moshi na bia. Gaillette alimwacha ndani ya gari, dirisha limefunguliwa kidogo.

Siku hiyo jogoo wa Ghislain Caudrelier aliuawa. Caudrelier ni yule mwenye yadi ya vyuma chakavu, mtu wa shingo nene aliyezoea kushinda. Majogoo huku kwetu hufungwa miba ya chuma miguuni, ndefu kama kidole, na jogoo wa upande wa pili alimchoma wa Caudrelier jichoni mwiba ukatokea upande mwingine. Jogoo alizunguka, akapiga mbawa, akalala. Watu wakashangilia. Caudrelier akamwokota shingoni bila kumvua hata miba, akatoka nje kumtupa kwenye gari lake. Alirudi akiwa bado amemshika, uso umebadilika.

"Gari la kijani hapo nje ni la nani?"

"Langu," Odile akasema kutoka ngazi ya pili. "Limekuzibia njia?"

"Mle ndani kuna mbwa wangu."

Kila mtu alijua habari ile. Gazeti lilikuwa limetoa picha ya mbwa na picha ya lori, na tangu hapo vijana wakimwona Caudrelier akipita walikuwa wakimbwekea.

"Huna mbwa, Ghislain," Odile akasema. "Ulikatazwa kufuga hata panya."

"Waliniibia. Mbwa yule alikuwa mgonjwa, basi. Nilikuwa nangoja afe."

"Umengoja bure. Hata kufa amekataa, asije akakufurahisha."

Watu wakacheka, na mtu mmoja huko juu, nani hajulikani mpaka leo, akabweka. Wu! Wu!

Caudrelier alipanda ngazi ile moja na kumpiga Odile usoni na jogoo. Alimpiga kama mtu anavyopiga na mjeledi, ameshika shingo, miguu ikaruka mbele, na mwiba wa chuma ukampasua Odile shavu kuanzia chini ya sikio hadi pembeni mwa mdomo. Shavu lilifunguka. Wale waliokaa karibu waliona meno yake kupitia mahali ambapo si mdomo. Odile alitaka kumrukia, lakini damu ilimjaa kooni, akainama na kuitema kwenye viatu vya watu. Wanaume wanne walimng'ang'ania Caudrelier kumtoa nje.

"Nitakuja kumchukua!" alikuwa akipayuka mlangoni. "Mnasikia? Nitamtundika kwenye winchi ya yadi, mje mumwone akicheza!"

Odile alishonwa tena. Polisi waliandika maelezo, wakamwambia watazungumza na yule bwana. Labda walizungumza naye.

Caudrelier alikuja asubuhi ya siku ya kazi, jua limetoka, lori la takataka likiwa limepita tu. Odile alikuwa katika kibanda cha kufulia anachemsha blanketi. Vidonge vilikuwa vimekaribia kwisha na mbwa hakuwa na upele tena, lakini alishazoea kuchemsha. Sufuria ilikuwa juu ya jiko la gesi la chini, mvuke umejaa kibanda, naye anageuza blanketi kwa mti mrefu wa kufulia. Gaillette amelala kwenye vigae, kando ya mashine ya kupasha maji.

Mbwa alijua kwanza. Alisimama, akaanza kutetemeka. Kisha geti la nyuma likasukumwa.

Caudrelier alikuwa na kipande cha nondo mkononi. Nyuma yake alikuwepo Loïc, mtoto wa dada yake, jitu la miaka thelathini linalofanya kazi yadini kwake, na mkononi ana waya uliofungwa kitanzi.

"Habari za asubuhi, jirani," Caudrelier akasema.

"Toka kwangu."

"Nachukua kilicho changu, natoka."

"Mjomba, tumchukue tuondoke," Loïc akasema. "Usianze mambo."

Odile alinyanyua ule mti kumzuia. Nondo ilishuka juu ya mkono wake wa kushoto, kati ya kiwiko na kiganja, na mfupa ukalia. Fernand, aliyekuwa upande wa pili wa ukuta anawapa njiwa chakula, anasema aliusikia akadhani ni kigae kimevunjika. Odile akaanguka kwa magoti. Caudrelier akampiga teke la mbavu, akampiga la pili, hakuwa na haraka. Alikuwa anahesabu kwa sauti majina ya waliocheka siku ile ukumbini, na kwa kila jina teke moja.

Loïc alikuwa amemfikia mbwa. Gaillette hakumuuma. Mbwa aliyetoboa mkono wa Odile siku ya kwanza, siku hiyo alilala chali, akajikojolea, na waya ulipopita shingoni akatoa sauti. Odile hakuwahi kumsikia akitoa sauti ile. Haikuwa ya mbwa. Ilikuwa sauti ya kitu ambacho kimeshafanyiwa jambo hilo zamani na kinajua linavyoendelea.

Odile alishika mti wa kufulia kwa mkono mzima, akauchovya kwenye sufuria, akanyanyua blanketi. Lilikuwa la sufu, zito, linachemka. Alilizungusha kwa mwili wake wote likatua juu ya kichwa cha Caudrelier na kumfunika hadi mabegani.

Blanketi la sufu likiwa la moto hivyo hunata. Caudrelier alipiga yowe ndani yake. Alilishika ili alivute na mikono yake ikaungua, akaliachia, akalishika tena. Alijigonga ukutani, akajigonga kwenye jiko, na Odile akaisukuma sufuria kwa bega. Maji yaliyobaki yakammwagikia Caudrelier kifuani na mapajani, akaanguka chini akijipigapiga kwenye vigae.

Hapo ndipo Odile angeweza kuacha. Mwenyewe alisema hivyo baadaye, mahakamani, bila kuulizwa. Adui alikuwa chini, haoni, ana kilio kama cha ng'ombe. Nondo ilikuwa imeanguka kando yake. Odile akaiokota.

Alimpiga goti. Alimpiga goti la pili. Alipiga mkono uliokuwa unajikinga, na alipiga bega, na kila alipopiga alitamka maneno ya Kipolandi ya baba yake, maneno ambayo hakujua kama bado anayakumbuka. Loïc aliuachia waya akamkimbilia.

"Basi, mama! Basi! Utamuua!"

Odile aligeuka na nondo ikamkuta Loïc mdomoni. Meno yakatawanyika kama mbegu za tikiti. Kijana akakaa chini palepale, akazitazama mbegu zake, akaanza kulia. Odile akamrudia mjomba wake.

Fernand ndiye aliyekomesha. Mzee yule alipanda ukuta, jinsi gani hata yeye hajui, akaangukia upande huu na kumkumbatia Odile kwa nyuma.

"Odile. Ni mimi. Ni mimi, Fernand. Basi. Basi, binti wa Wachowiak. Iachie."

Alikuwa hajaitwa binti wa Wachowiak tangu baba yake afe. Nondo ikaanguka. Kibanda kilikuwa na mvuke, damu na harufu ya sufu iliyoiva, na chini mtu alikuwa anaguna bila kukoma.

"Gaillette," Odile akasema. "Njoo, mama. Yamekwisha."

Mbwa alikuwa amejibana nyuma ya mashine ya maji, waya unaning'inia shingoni. Alikuwa ameona yote. Odile akapiga hatua moja, uso umelowa damu, mshono wa shavu umefumuka, mkono mmoja umepinda pasipo na kiungo. Mbwa akajikandamiza zaidi ukutani, akapandisha midomo, akageuza macho pembeni. Odile akapiga hatua ya pili, na Gaillette akajikojolea tena.

Watu wa mtaa hawataki kusikia hivyo. Wao wanasema mbwa alimwokoa. Gazeti liliandika vivyo hivyo, na Odile alipokuwa amelazwa hospitali watu walileta soseji na maua na wakaandika kwenye kadi "kwa shujaa Gaillette." Muuguzi akamsomea.

"Alikojoa," Odile akamjibu. "Mwandikieni hivyo. Alikojoa, na alifanya vizuri, maana hiyo haikuwa kazi yake."

Mahakama ilikubali kwamba blanketi lilikuwa la kujitetea. Kuhusu nondo hakimu alikuwa na maswali mengi, na Odile alijibu yote kwa ukweli hadi wakili wake akafunika uso. Akapewa kifungo cha nje. Caudrelier alikaa muda mrefu katika wodi ya walioungua katika mji wa Lille, halafu akaenda jela, na Loïc naye akafungwa kidogo. Caudrelier alipoonekana siku ya hukumu hakuwa na nyusi, wala nywele upande mmoja, na ngozi ya usoni ilikuwa ya waridi, inang'aa, imevutwa upande. Kwenye baa Fernand akasema, "Sasa tunajua nani mwenye upele." Watu wakaanza kucheka.

"Nyamaza, mzee," Odile akasema.

"Natania tu, Odile."

"Nimeisikia harufu yake akiiva. Wewe umeisikia? Basi nyamaza."

Gaillette alikuwa amerudishwa kwa Maïté wakati wote huo. Siku alipoletwa nyumbani, Odile alikuwa amekaa jikoni na mkono umefungwa plasta ya kuunga mfupa, amevaa gauni safi, amekata soseji kwenye sahani. Mbwa aliingia mlangoni akiwa amechangamka, ananusa. Kisha akamwona. Akalala sakafuni na kutambaa kwa tumbo hadi chini ya meza, na mkojo ukabaki nyuma yake kama mstari.

"Labda ni harufu ya plasta," Maïté akasema.

"Si plasta. Amenitambua."

Ikawa kama mwanzo, na pengine vibaya kuliko mwanzo. Zamani mbwa alikuwa akinguruma. Sasa hata kunguruma aliogopa. Odile akinyanyua kijiko, mbwa anafumba macho. Akikohoa, anatetemeka. Alianza tena kujitafuna ubavuni, na pale kwenye nywele nyeusi pakatokea kidonda chenye maji, ingawa Maïté alikikwangua, akaangalia, akasema wadudu hawapo, ni hofu tu.

Odile aliuchoma moto ule mti wa kufulia. Aliugawa ufagio, akawa anaokota taka kwa mkono. Alijifunza kunyanyuka kwenye kiti kama mgonjwa, taratibu, akisema kwanza kwa sauti kwamba sasa ananyanyuka. Siku moja alikwenda ukumbini kwenye majogoo, akakaa mpambano mmoja tu, akarudi. Kumbe kuna tone la damu lilikuwa limeruka kwenye kiatu. Gaillette alinusa kutoka mbali, akaenda kwenye kona ya mlango na kusimama akiutazama ukuta, na hakukubali kula hadi kesho yake. Odile alivua viatu vile akavitupa kwenye pipa. Ukumbini hakurudi tena. Walipomuuliza alisema mbavu zinamuuma kukaa kwenye mbao.

Majira ya baridi yalipokwisha, alimpigia simu Maïté.

"Njoo umchukue."

"Bi Odile..."

"Nyumba hii ina mtu anayemtisha. Ulimtoa kwa mtu kama huyo. Sasa mtoe tena."

"Kuna familia moja karibu na mji wa Arras," Maïté akasema. "Wana bustani. Ni watu wapole."

"Hao hao."

Maïté alikuja siku ya mvua. Odile alikuwa amefunga blanketi, bakuli na vidonge vilivyobaki kwenye mfuko, ameuweka juu ya meza, na yeye amesimama mbele ya sinki kwa sababu hakujua asimame wapi. Gaillette alikuwa katikati ya jikoni, nywele zimemjaa mwili mzima, anang'aa. Maïté alimwita kwa sauti ya kubembeleza, akachuchumaa, akatoa kamba mfukoni na kukitanua kitanzi chake.

Mbwa aliiona kamba. Akarudi nyuma, makucha yakateleza sakafuni. Akatazama mlango, na mlangoni yupo Maïté. Akatazama meza, lakini ili afike mezani ilibidi apite kwenye kamba. Akazunguka mara moja, halafu akajichomeka kwenye nafasi ndogo iliyobaki kati ya sinki na miguu ya Odile. Akakaa pale, anatetemeka, uzito wake wote umeegemea kwenye vigimbi vya Odile.

Odile hakugeuka wala hakushusha mkono.

"Unaona?" Maïté akanong'ona.

"Sioni kitu. Anaogopa kamba."

"Lakini amekimbilia..."

"Amekimbilia ukuta. Mimi nimesimama mbele ya ukuta." Odile alisema hivyo, lakini kovu la shavuni lilikuwa linacheza. Mvua ilikuwa inapiga dirisha. Nyuma ya miguu yake kulikuwa na joto, na pumzi za haraka, na taratibu, taratibu sana, pumzi zile zikaanza kurefuka.

"Rudisha hiyo kamba mfukoni," akasema. "Kahawa iko kwenye jiko, jimiminie mwenyewe. Na mimi unimiminie, uniletee hapa."

"Hukai?"

"Nikae vipi? Huoni nimezuiwa?"

Maïté akamimina vikombe viwili, akampelekea kimoja kwa hatua ndogo. Odile aliinywa kahawa yake amesimama.